Zamu ya Mjomba

Dada Tuntufye aliondoka saa kumi jioni
kwenda kumuuguza mama yetu hospitalini Tukuyu.
Wodini hawaruhusu kichanga.
Akaniachia Asubisye, miezi minne na siku tatu,
maziwa aliyoyakamua, kikombe alichokichemsha,
na maneno machache, karibu yote ya kukataza:
alale chali, asilale kifudifudi;
asiwekewe mto, hata ule wa maua alioushona shangazi;
asipewe maji, wala uji, wala kidole chenye asali.
Akafika mlangoni, akageuka.
"Na jiko libaki nje."

Mimi ni mtu wa pikipiki.
Najua kuteremka mlima udongo ukiwa kama sabuni,
na gunia mbili za viazi nyuma, na mwenye viazi juu yake.
Sijui kubeba kilo sita
ambazo hazijaweza kushika shingo yao.

Nilinawa mara tatu. Sabuni ya mche
haikuiondoa petroli, iliipunguza tu ikawa fununu.
Nikapasha maziwa kwenye bakuli la maji moto,
nikadondosha tone kwenye kifundo cha mkono wa kulia.
Sikusikia kitu. Ndipo nikakumbuka:
pale ndipo ekzosi iliponiunguza mwaka juzi, ngozi ilikufa.
Nikajaribu kushoto.
Yalikuwa ya moto.
Nikasubiri yapoe, yeye akilia,
kilio kikinipanda kichwani kama kilima cha gia namba moja.

Saa tatu usiku baridi ya Julai ya Mwakaleli
ikapita chini ya mlango bila hodi,
na nyuma yake Mama Gwantwa, jirani, na jiko lililokolea.
"Unataka kumgandisha mtoto wa watu?
Funga dirisha, liweke hapo katikati.
Sisi sote tumekulia moshini."

Mkubwa haambiwi hapana.
Nikalipokea jiko kwa mikono miwili, nikainama,
nikashukuru, nikatoka nalo hadi kibarazani,
naye ikabidi anifuate.
Tukaota pale, mlango nusu wazi, sikio langu moja likibaki ndani.
Akanisimulia bei ya kabichi.
Kisha, akiyatazama makaa, si mimi,
mwaka ule wa mvua nyingi, na chumba kilichozibwa vizuri,
na mdogo wake na mumewe,
waliokutwa asubuhi wamelala kama watu waliolala.
"Huwa nasahau," akasema. "Nasahau makusudi."
Akabeba jiko lake, akaenda zake.

Mimi nikavuta kigoda kisicho na mgongo.
Kwenye kochi ningesinzia naye kifuani, najijua,
nimewahi kusinzia juu ya pikipiki inayotembea.
Basi yeye kitandani pake, blanketi limekomea kwapani,
soksi mbilimbili, uso wazi;
mimi kigodani, mwanga wa simu nimeufunika kwa leso.
Utosi wake ukadunda chini ya ngozi
kama injini ya mbali inayopanda, inayopanda, haifiki.

Halafu pumzi ikasita.
Dada alinionya: vichanga husita kidogo, kisha huendelea.
Alisahau kusema kwamba na mlezi husita.
Nikapeleka kidole chini ya pua.
Hewa. Kidogo tu, yenye harufu ya maziwa.
Hadi majogoo nilikipeleka kidole hicho, nadhani, mara arobaini.

Alfajiri Dada akaingia, kitenge kimelowa hadi magotini.
"Mama kaanza kunywa uji. Alikusumbua?"
"Hata kidogo."
Hakuniamini, au hakunisikia.
Akaenda moja kwa moja kitandani, akainama,
akaweka kidole chini ya pua ya mwanawe.

Nikatoka nje. Pikipiki ilikuwa imelowa umande.
Sikuiwasha pale.
Niliisukuma hadi barabara kuu.