Futi Mia na Tisini na Tano

Mimi ndiye niliyesukuma kigurudumu cha kupimia.
Kila futi kilisema tik,
na kila tik ilikuwa dola tisini na mbili,
ingawa siku ile bei sikuwa nimeambiwa.
Nilifuata ubavu wa kusini, hamsini,
nikakata kona, nikapanda ubavu wa mashariki,
mia na arobaini na tano.
Ardis Tveit alitoka na koti la marehemu mumewe
akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Knut alikinunua kiwanja cha kona kwa sababu ya jua.
Huku Dakota ya Kaskazini jua la Januari
ni mgeni asiyekaa; ukilipata madirisha mawili,
umebahatika.
Hakuna aliyemwambia kwamba kona ina nyuso mbili
na mji hutoza kila uso.

Barua ilifika Machi, theluji ingali magotini.

Kwenye baraza kila mtu alipewa dakika tatu.
Mwanasheria wa mji alieleza, kwa upole,
kwamba barabara mpya hupandisha thamani ya nyumba
na tozo haizidi kile kilichopanda.
"Imepanda kwa nani?" Ardis akauliza. "Mimi siuzi.
Na yale malori ya viazisukari,
yanayopita Oktoba nzima, usiku na mchana,
hadi vikombe vinatetemeka kabatini,
yenyewe mmeyapimia futi ngapi?"
Mtu mmoja nyuma alicheka.
Kengele ikalia. Kura: watano kwa mmoja.

Sitasema mji uliiba.
Barabara ile ilikuwa imekwisha kufa,
na mabomba chini yake yalizeeka kuliko mameya wote ukutani.
Gari la wagonjwa lilijikongoja mle mashimoni
usiku ule wa Lindquist, na Lindquist hakungoja.
Dawa ya deni ni kulipa, nakubali.
Baraza lilikuwa na dawa tayari mkononi;
lilichokuwa likitafuta ni wa kuinywa.

Wakampa miaka kumi na mitano, pamoja na riba.
Alikuwa na themanini na mmoja.
Alipiga hesabu mgongoni mwa bahasha:
futi kumi na tatu kwa mwaka.
Akaokota jiwe la ukubwa wa mkate,
akalipaka rangi ya manjano,
na kila alipolipa alilisogeza ukingoni
kwa ncha ya kiatu, akihesabu kwa sauti.
"Mpaka hapa ni pangu," aliwaambia watoto wa jirani.
"Kuanzia hapo mbele, tembeeni kwa adabu, ni pa mji."

Mwaka wa nne jiwe lilikata kona.
Mwaka wa saba lilifika kwenye bomba la zimamoto,
futi tisini na moja,
likabaki pale majira yote ya baridi
chini ya chumvi na matope ya malori.

Nyumba ikauzwa, na deni likaenda na nyumba.
Walioinunua sijawahi kuwasikia wakimtaja;
sidhani kama waliambiwa habari za jiwe.
Ila Aprili hii, nikipita na kigurudumu kwenda mtaa wa pili,
nililiona limelivuka bomba.
Nilisimama. Nikarudi nyuma, nikapima.

Kumi na tatu.