Mkaa Ukutani

Siku ya tatu jiko langu limelala.
Pale Namakwekwe, kona ya kinyozi,
watu wanapita na njaa zao, wanauliza,
"Yule wa roleksi kaenda wapi?"
Yuko ndani, chini ya blanketi mbili,
pua mfereji, mifupa kama iliyotwangwa,
na kikohozi kinabisha hodi usiku kucha
bila kukaribishwa.

Nambozo kachukua kipande cha mkaa,
mkaa wangu mwenyewe, wa gunia langu,
akaandika ukutani, juu ya kitanda:
CHA MAFUTA HAPANA.
Nikacheka, kicheko kikaishia kikohozini.
Mke wangu, mimi ndiye wa kukatazwa mafuta?
Mafuta ndiyo yaliyolipa mahari yako.
Ndiyo yaliyoezeka bati hili, hata kama linavuja.
Miaka kumi na mmoja nakanda, nasukuma, nageuza,
navunja mayai Mbale nzima ikila kwa mkono huu.
Hakujibu. Akaongeza mstari:
NA SODA.

Wageni hawakuja kusoma kuta.
Kwanza Gidudu wa baiskeli, kichupa kifuani:
"Waragi, ndugu yangu. Inamchoma mdudu hadi mayai yake."
Nambozo alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote,
akakifungia kabatini.
"Mwili umekauka hivi, shemeji, nawe unaumwagia moto?"
Akaja binamu wa Sipi na kahawa ya mlimani.
Hiyo nayo ikarudishwa mlangoni:
"Itamwibia usingizi,
na usingizi ndio dawa pekee tuliyopewa bure."
Kwenye maziwa akasita.
Jirani kasema yanazidisha makohozi, nesi kasema si kweli.
Akaandika MAZIWA, akaweka alama ya kuuliza,
ikakaa pale kama ndoano isiyo na samaki.

Jioni akaingia mama mkwe kutoka Bududa,
chungu kichwani: malewa, mchuzi wa karanga mzito
unaong'ang'ania mwiko.
Pua yangu haikunusa kitu,
ila ulimi ulikumbuka.
"Kesho kutwa, mama," Nambozo akamwambia mzazi wake.
Wanawake wawili wakatazamana juu ya ule mvuke.
Nikavuta blanketi mpaka utosini.

Usiku, wote wamelala,
nilitambaa hadi kwenye kawa.
Chapati moja, ya siku nne, ngumu kama kandambili.
Niliila gizani, na mafuta yaliyoganda,
mwizi katika nyumba yangu.

Alfajiri ilirudi yote, nyuma ya choo, mvua ikininyeshea.
Nambozo alinishika paji la uso asiseme neno.
Tuliporudi akachukua mkaa.
Nilingoja mstari mpya.
Akapigia mstari ule wa kwanza, basi,
akaniletea uji wa ulezi, mwepesi, ndimu na chumvi kidogo,
akaketi mpaka nikaona kitako cha kikombe.

Siku ya saba niliwasha jiko.
Mteja wa kwanza: Wepukhulu wa bodaboda,
macho mekundu, anapiga chafya kiwikoni.
"Mayai matatu, bosi. Na mafuta usiyabanie."
Yai lilikuwa tayari mkononi.
Nikalirudisha kwenye trei.
"Leo hapana."
"Pesa ninayo!"
"Nimeiona. Vuka barabara, kwa Mama Khaukha,
mwambie uji, mwepesi. Kisha ukalale."
Alinitazama kama mtu aliyetukanwa,
akapiga kiki, akateremka na shilingi zangu
akikohoa hadi kwenye kona.

Nambozo alikuwa mlangoni, ufagio mkononi.
Aliona yote.
Nilidhani atanisifu.
"Haya, daktari," akasema,
"na sisi leo tutakula nini?"