Bado Tuko Segera

Tangazo limeandikwa kwa kalamu ya wino
nyuma ya kalenda ya mwaka juzi:
LEO HAKUNA MAJARIBIO YA VITENDO. MKAGUZI YUKO HANDENI.
Nalijua hadi madoa yake.
Juu ya "Handeni" mtu kaacha kidole cha chai.

Nilikuja mara ya kwanza machungwa ya Muheza yangali mabichi.
Wakanambia, njoo Mwenge ukishapita.
Mwenge ukapita, barabara zikafagiwa, nikaja.
Gari la majaribio lipo gereji. Njoo baada ya Maulidi.
Nikaja, udi haujatoka kwenye baibui langu:
mtandao umelala.
Leseni yangu ya kujifunzia ikafia mkobani.
Nikalipia nyingine,
picha mpya, uso uleule, umekonda kidogo.

Subira yavuta heri, najua.
Heri yangu mimi
mtu kaiacha na hendibreki.

Na usiniulize kama najua kuendesha.
Mjomba Singano alinifunza kwa pikapu yake shambani Pongwe,
hakuna wa kumgonga ila mistari ya mkonge,
nayo hujitetea yenyewe.

Usiku naweka kigoda mbele ya kabati.
Mfuniko wa sufuria ndio usukani, mwiko ndio gia.
Kandambili ya kushoto klachi, ya kulia mafuta,
katikati tofali,
gumu kama breki za Mjomba.
Riziki wangu, miaka sita, hupanda nyuma, mkekani,
kajifunga khanga kiunoni, maana sheria ni sheria.
"Mama, tumefika wapi?"
Pongwe.
"Sasa?"
Muheza. Teremka ununue chungwa.
Usiku mwingine tukaifikia Hale, mvua ikinyesha jikoni,
akaniambia niwashe waipa, nikawasha kwa mdomo.
Lakini Segera, pale njia panda, hatuvuki.
Sijui kwa nini. Mkono wafika kwenye mwiko, wagoma.
"Sasa, mama?"
Bado tuko Segera.
Lala.

Benchi la Chumbageni limeshachukua umbo langu.
Wanaokuja wapya huniita mwalimu.
Ni mimi niliyemwelewesha Mbaruku pembetatu nyekundu,
na nani amtangulize nani kwenye kipilefti,
akichora kwa kijiti mchangani, akifuta, akichora.
Mbaruku kapimwa Jumanne moja.
Mlango alioingilia sikuuona.
Wiki mbili baadaye akanipita Barabara ya Kumi na Mbili
juu ya gari la maziwa la ushirika,
gari lile lile waliloniambia, lete leseni tu, uanze.
Akanipigia honi.
Sikumlaani.
Nilisimama nitazame kama atatia indiketa kwenye kona.
Alitia.
Nilimfunza mimi.

Leo jina langu limeitwa.
Limeitwa vibaya, "Mwatumu Kindo",
nikaitika hivyo hivyo, nisije nikasahihisha
likarudi mwisho wa daftari.
Kiti cha gari kina joto la aliyeshuka.
Mkaguzi hakunitazama mimi, katazama saa.
Mkanda. Kioo. Kioo cha pili. Gia namba moja.
Na miezi minane yote
ikashukia kwenye mguu mmoja wa kushoto:
gari likapiga chafya,
likaruka hatua moja,
likazimika.

Mbele yetu akakatiza mzee wa baiskeli,
mkungu wa ndizi nyuma, taratibu,
hajaulizwa leseni tangu azaliwe.
Mkaguzi akafungua kalamu.
Nikangoja. Kungoja nako nakujua,
kungenipa leseni kama kungekuwa na karatasi yake.
Akaifunga kalamu.
Kwa mbali, gereji, mtu alikuwa akigonga bati.

"Washa tena," akasema.