Pango

Tulilipia dirisha.
Kerubo, wakala, alilitaja peke yake
kama muuza nyama anayekupimia maini kando:
"Chumba ni elfu tisa. Chenye dirisha, kumi na moja."
Syombua akatoa kichwa nje, Tassia, ghorofa ya nne,
akaona mabati, nguo za watu, mnara wa simu,
na mbali kabisa uwanja wa ndege ukimeta kama sahani.
Akasema, Mutinda, tuchukue.
Nikahesabu: kodi ya mwezi, amana ya mwezi,
amana ya maji, amana ya stima,
na mia tano ya kuonyeshwa, ambayo hairudi.
Tukachukua.

Miaka miwili tuliishi na jua la saa tatu
lililoingia, likakanyaga kitanda, jiko, ndoo,
likatoka kwa adabu kabla ya saa sita.
Sukumawiki mbili zilimea kwenye kopo la rangi.

Kisha kiwanja cha jirani kikachimbwa.
Mimi ni fundi wa mawe.
Nyapara alisema elfu moja na mia mbili kwa siku,
nami nilikuwa nyuma miezi miwili.
Nikashika mwiko.

Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu: mawe ya Ndarugo,
kamba, timazi, saruji, jiwe.
Ya nne nikawa mkabala na kitanda changu.
Syombua alinipitishia chai kwa mkono
juu ya upenyo usiopitisha hata mbuzi,
mafundi wenzangu wakapiga mluzi.
Siku ile ilikuwa tamu, siwezi kukataa.
Alhamisi ukuta ukamfika kiunoni.
Ijumaa, kidevuni.
Jumamosi, kabla ya malipo, yalibaki macho tu,
na sauti: "Nyoosha vizuri.
Usije ukasema mkono ulitetemeka."
Nikanyoosha.

Mwisho wa mwezi nikampelekea Kerubo pesa ile,
nzima, pamoja na madeni,
nikamwambia dirisha limekufa, turudi elfu tisa.
Akafungua daftari. "Dirisha lipo," akasema,
"nililiona kwa macho yangu. Uliohama ni mwanga,
na mwanga hatujawahi kuukodisha."
Halafu akanipa barua: kuanzia Januari, kumi na mbili na nusu.
Saruji imepanda, maji yamepanda, mwenye nyumba ana mkopo.
Na kule nilikojenga?
"Vigae, lifti iko njiani. Kumi na sita.
Vya upande wa mashariki vina jua."
Najua, nikasema.
Matundu ya madirisha yale niliyaacha kwa mikono hii.

Pango, kwa Kiswahili, ndiko wanakolala popo.
Pango, kwa risiti ya Kerubo, ni mimi na Syombua.
Mama hupiga simu kutoka Kibwezi: mtajenga lini?
Mama, mimi hujenga kila siku.

Sasa saa sita mchana tunawasha taa.
Tokeni za mia hazifiki Jumapili.
Sukumawiki alizihamishia paani, zikaibwa na kopo lake.
Ukitoa mkono dirishani kwetu unagusa jiwe.
Nalijua: mstari wa sita, la tatu kutoka pembeni,
lina mkwaruzo wa mwiko wangu.
Usiku mwingine, akidhani nimelala,
Syombua hutoa mkono akalipapasa,
akaligonga kidogo kwa kidole
kama mtu anayebisha hodi.