Kokoto Kwenye Chumvi

Mbodze wa Gongoni alikuja Jumanne,
viganja vimechanika kwa chumvi,
risiti ameikunja mara nne kama hirizi.
Nikampanga mbele ya mashine. Nikamwambia azuie pumzi.
Kibao kikashuka, kikabana
kama mkono ukamuao tui la mwisho.
Akasema tu: "Mh. Hata chapati husukumwa kwa upole."

Picha zikaja.
Titi lake lilikuwa limeshiba nyama,
na kwenye kioo nyama hiyo ni nyeupe,
na uvimbe, ukiwapo, nao ni mweupe.
Nilipekua kona hadi kona. Nikaandika:
Hakuna kilichoonekana.

Sentensi ya kweli. Ila ina mlango wa nyuma:
hakikuonekana si hakipo.

Nilipomsomea alicheka kidogo,
akanishika mkono, mimi mwenye cheti ukutani,
akaupeleka karibu na kwapa.
"Mdogo wangu, mwaka wa kumi na moja huu
nachagua kokoto kwenye chumvi.
Kokoto jeupe, chumvi nyeupe, jua limewaka:
macho ya nini? Hutia mkono.
Chumvi huvunjika kidoleni.
Kokoto hukataa."

Na chini ya kidole changu kitu kikakataa.
Punje ya kunde chini ya shuka.

Chuoni nilifundishwa hesabu yake:
mashine hii huwanasa wengi, huwapitisha wachache;
titi likishiba, wachache huongezeka;
na siku nyingine hupiga yowe bure,
mtu akakesha juma zima kwa ajili ya kivuli.
Mtihani huo niliupita. Sikuwahi kuuliza
hao wachache wanaitwa nani,
wanashukia kituo gani.

Nikafuta. Haifai kufuta; nilifuta.
Nikaandika: Picha safi. Mkono unakataa.
Apimwe kwa mawimbi ya sauti, kisha sindano.

Daktari Shebwana akainua miwani: "Mkono wa nani?"
"Wake," nikasema. "Halafu wangu."

Kichupa kimekwenda Mombasa tangu Alhamisi.
Jibu ni siku kumi, labda kumi na nne.
Uvimbe mwingi ni wa heri,
lakini hilo si la kumwapia mtu.
Mbodze amerudi kwenye mabwawa ya chumvi.
Ameniachia nusu kilo, mfuko umefungwa kwa uzi wa gunia.
Usiku, kabla ya kupika, natia mkono humo
taratibu,
macho nimefumba.