Mita Mbili

Bwawa letu ni fupi.
Sikusema dogo, nimesema fupi:
fundi aliyelichimba, enzi za babu zetu,
alikutana na jiwe la mlima, akalipigia hodi,
jiwe halikuitika, naye akaishia hapo.
Mita ishirini na tatu. Sheria ni ishirini na tano.

Saa kumi na moja alfajiri mlinzi anatufungulia geti
akitutazama kama watu waliofiwa.
Moshi nzima imelala. Maji yameshuka kwenye mfongo,
hayana adabu:
yanakushika kisogo, kisha mbavu,
kisha yanakuuliza jina lako, nawe hulikumbuki.
Haikaeli hujitosa wa kwanza, kiherehere chake.
Mimi huhesabu hadi tatu.
Halafu hadi saba.

Tuko sita, kofia za mpira ni nne.
Miwani yangu nimeifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli
na alama yake hainitoki usoni mpaka kipindi cha pili,
Mwalimu wa Kemia anapoingia, ananusa,
anasema, "Naona maabara imenitangulia,"
na darasa zima linanigeukia.

Kocha Mremi ana goti bovu, ana firimbi,
ana daftari la jalada gumu
anamoandika muda wetu kwa penseli.
Kwa penseli, anasema, kwa sababu muda ni kitu cha kufutwa.

Mimi huogelea chali.
Ukuta siuoni; nauhesabu.
Kukipambazuka Kibo inakaa juu ya vidole vya miguu yangu,
nyeupe, haina haraka,
nami naikimbia kinyumenyume,
mapigo kumi na tisa, najigeuza, nyayo ukutani, tena.
Mwili umekariri
kama mtoto anavyoijua njia ya chooni usiku:
hauwashi taa.

Mwezi wa sita tukaenda Dar.
Bwawa lao bluu kama daftari jipya,
vuguvugu kama mtori uliosahaulika mezani.
Wasichana wa kule walivalishana nguo zao za kubana,
mmoja anavuta, mwingine anazuia pumzi.
Jasleen alinishonea kamba ya begani palepale, kwa meno.
Njia ya nne. Firimbi ndefu.

Juu yangu mbingu tupu, hakuna mlima wa kunisindikiza.
Kumi na saba.
Kumi na nane.
Kumi na tisa, nikajigeuza.

Ukuta haukuja.

Nilikuwa pale, kifudifudi, mikono mbele,
kama mgeni aliyeitikia "karibu"
ambayo hakuna aliyeitamka.
Mita mbili za maji safi kabisa.
Niliziona vizuri. Sijapata kuona kitu kirefu vile.
Mwamuzi akainua mkono.
Karatasini, palipotakiwa muda wangu, waliandika neno moja.

Kwenye basi hakuna aliyesema.
Jasleen aligawa chapati, yangu ilikuwa kubwa kuliko zote,
hapo ndipo nilipotaka kulia.
Tulipofika Same Haikaeli akauliza,
"Lakini ulikuwa unakwenda wapi?"
Tukacheka mpaka kondakta akageuka,
na Kocha, kule mbele, mabega yakamtikisika,
daftari limefungwa.

Jumatatu tulimkuta amepiga magoti, lile bovu pia,
ng'ambo ya ukingo, na futi ya fundi na chaki.
Akachora mstari kwenye saruji, mita mbili kutoka majini.
"Ukuta uko hapa," akasema. "Huo mwingine umewahi tu."
Tangu hapo, tukigusa ukingo, hatugeuki.
Tunabaki tumelala juu ya maji, tunapiga mawili hewani,
mawili ya deni,
na wanaopita kwenda shamba wanasimama kutushangaa.

Chaki inafutika kila mvua. Kila mvua anairudia.

Nami usiku, kitandani, mkono unanyooka wenyewe
na kugonga ubao wa kichwani.
Ndumi, mdogo wangu, analalamika gizani:
"Umefika?"
Bado, namwambia. Lala.
Bado mawili.