Nyuzi Thelathini na Saba

Sikio lake lilifika Tanga ndani ya chupa ya chai,
kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba,
kimezungushiwa barafu, kimetoka Mkomazi
na dereva aliyeuliza mara mbili:
"Hii ndiyo maiti yote?"

Kidawa, faru jike, alikufa kwa uzee.
Hapakuwa na risasi. Meno yaliisha, akaacha kula.

Tangu hapo namlisha mimi, Mwanjaa binti Shekiondo,
zamu ya usiku, maabara ya Chumbageni.
Namlisha mchuzi mwekundu kama rozela;
ukigeuka rangi ya chungwa la Muheza
najua wameshiba, wamechafua, niwabadilishie.
Nasema "wao". Daftari linasema "seli".

Tulizirudisha nyuma hadi zikasahau kuwa ngozi.
Daktari Hozza huziita seli shina.
Mimi naona watoto mlangoni, kabla hawajatumwa:
huyu aweza kuwa ini, huyu mboni ya jicho,
huyu, Mungu akipenda, yai.
Hazijui kwamba mwenye sikio keshazikwa.

Jumanne, saa nane usiku, umeme ukakatika.
Jenereta likakohoa, likanyamaza.
Dizeli ilikuwamo daftarini, tangini haikuwamo.
Kipimajoto: thelathini na sita.
Thelathini na tano na nusu.
Simu ya Hozza imezimwa.

Nikakaza kifuniko, nikakizungushia plasta,
nikaiweka chupa tumboni, chini ya koti jeupe,
nikaifunga kwa leso
juu ya kovu la mwanangu wa pili.
Nyuzi thelathini na saba:
hazikununuliwa, hazikuombewa kibali,
nimezaliwa nazo.

Nikakaa kitini hadi adhana ya alfajiri,
sikohoi, siinami hata kuua mbu,
nawaza jambo la kijinga:
kwamba Kidawa, tani nzima ya hasira,
angeninusa mara moja tu
kisha angenikanyaga.

Wiki ya tatu, kwenye kisahani namba tisa,
doa dogo kuliko punje ya mtama
likaanza kudunda.
Halikuwa na mwili. Halikuwa na damu ya kusukuma.
Lilidunda tu, kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba ambayo haijajengwa.

Nikamleta mama kwa siri, kutoka Barabara ya Kumi na Moja.
Akavua miwani, akainamia hadubini,
akakaa humo kama anayechungulia kisima.
"Ndiye?"
"Moyo wake, mama. Siye."
Akafuta jicho, au jasho, sikuuliza.
"Na kichaka alichokuwa akila,
hicho mmekitia chupa gani?"

Nikatazama kipimajoto.
Thelathini na saba.
Doa likaendelea kudunda,
halikungoja nijibu.